Mji wa Wanga

Usingizi unanichukua mchana kweupe, baada ya chakula, nimelala ubavu juu ya mkeka na mwanangu Kulwa yuko kwenye ziwa la kushoto. Hanyonyi. Ameshika tu, kama mtu aliyeshika kitasa cha nyumba isiyo na wenyewe. Uani namsikia mama mkwe wangu, Bi Mwantumu, anazikunja nguo za mtoto na kuzipanga kwenye kikapu, na kila moja anaikung'uta kwanza, paa, paa, kama anaitoa vumbi la nyumba hii. Basi la Handeni hupita alasiri. Amesema ataondoka na Kulwa, akamlee kwake, mpaka nyumba isafishwe. Amesema hivyo tangu asubuhi na mimi sijamjibu. Si kwamba nimekubali. Maneno yapo, nayaona, lakini yako mbali kama sufuria za juu ya kabati, na mikono yangu haioni sababu ya kunyanyuka.

Nyumba isafishwe nini? Isafishwe wanga. Hapa inabidi nieleze, maana mtu akisikia hivi hivi atadhani nimeolewa kwenye ukoo wa mambo. Mimi nasoma masomo ya jioni, darasa la watu wazima, nyuma ya ofisi ya kata, na mwalimu wetu wa biolojia, Mwalimu Chambuso, ametupa kazi ya kufuga maji ya kijani. Yale maji ya tangi yaliyokaa juani mpaka yakaota ukijani: uyatie kwenye chupa, uiweke dirishani, uyaangalie. Ule ukijani ni mwani, mdogo hata jicho haliuoni mmoja mmoja, na kila mmoja ni kiumbe kizima na maisha yake. Kazi yake ni kula mwanga wa jua na kujitengenezea wanga, wanga ule ule wa kwenye muhogo na sembe. Sasa mimi nikisoma kimya hakiniingii kitu, lazima nisome kwa sauti. Nimekaa chumbani nakariri: Mwanga huingia mchana. Wanga huzaliwa ndani. Wanga hujipanga kuzunguka kiini. Usiku wanga hutoka. Na Bi Mwantumu yuko upande wa pili wa pazia, anapepeta mchele. Ndivyo vitabu vinavyoandika, kila kitu kwa hu, huingia, huzaliwa, hutoka, na hiyo hu haisemi ni nani. Ningesema wanga unatoka, angejua ni mambo ya unga. Ningesema wanga wanatoka, angejua ni wale wa usiku, wanaoruka uchi juu ya mapaa. Kwa hu akachagua mwenyewe, na bibi aliyezika mjukuu kutoka nyumba hii simshangai alichochagua. Akasukuma pazia, ungo bado uko mkononi, akauliza, Mama Kulwa, unafuga wanga kwenye chupa? Nikasema, ndiyo mama, kazi ya shule. Akarudi nyuma na ungo wake.

Walikuwa wawili, mapacha wangu, Kulwa na Doto. Majirani walikuwa wananiita Mama Kulwa na Doto, jina refu kama la kampuni, na mimi nikiitika naringa. Doto akapata homa, akaondoka hajaota hata jino. Watu wakalikata jina, likabaki Mama Kulwa, na walilikata kwa upole, kama unavyokata uzi kwa meno. Tangu hapo hata mimi naishi kwa hu. Mtoto hulia. Mama huamka. Ziwa hutolewa, mtoto hupewa. Ukiuliza ni mama gani, hakuna. Baba yao, Mbwana, yuko Mpanda kwenye kazi za barabara, na kwenye simu amesema, msikilize mama, Siku, kwani kuna ubaya gani? Sikudhani ndilo jina langu zima. Nikasema sawa. Nikakata simu nikaendelea kuosha vyombo. Na sasa jua linapita kwenye ile chupa ya dirishani na kutupa doa la kijani sakafuni, doa linacheza karibu na mguu wangu, na mimi nanyoosha mguu, bila sababu, ili niuweke kwenye rangi. Natafuta sakafu kwa kidole. Sakafu haipo.

Naingia wima, taratibu, kama kijiko kinachozama kwenye uji. Kuna utando, laini na mzito, ule unaokaa juu ya uji uliopoa, unanigusa usoni, unaniachia, unafunga nyuma yangu. Ndani kuna barabara. Ni ya kijani na haina mwisho, inapanda kulia na inapanda kushoto, na nikiifuata inanirudisha nilipoanza, halafu naelewa kwamba natembea ndani ya kikombe, mji mzima umejengwa kwenye kuta za kikombe na mimi nazunguka ukingo wake. Juu, nje ya ukuta, mijeledi miwili mirefu inapiga maji, na kila ikipiga mji mzima unasogea, nyumba na barabara na mimi, kuelekea kwenye mwanga. Nyumba zimerundikwa kama chapati za arusi, sahani ya kijani juu ya sahani ya kijani, na mwanga ukitua juu yake zinavuma, mmm, mmm, sauti ya friji ya dukani. Najiambia, Sikudhani, ogopa. Siogopi. Najiambia, shangaa basi. Natembea tu.

Mtu ananijia. Amejifunga kanga vizuri, kilemba kimekaa sawa, na mahali pa uso pana ulaini tu, kama mgongo wa kijiko. Shikamoo, nasema, kwa sababu sijui umri wa mtu asiye na uso. Marahaba, anasema, na kama mimi ndiye mdogo wako? Basi nirudishie, nasema. Anacheka, na cheko linatoka kifuani kwake moja kwa moja. Nauliza, hapa ni wapi, mama? Anasema, hapa hatujibu, tunatega. Kitendawili! Na mdomo wangu, kwa mazoea ya utotoni, unajibu wenyewe: Tega. Anasema, hana mdomo, anakula kutwa. Akipumua, wengine ndio wanaofaidi. Nalijua jibu hili. Nimelikariri kwa sauti nyumbani mpaka likataka kunivunjia ndoa. Lakini nikilitafuta nakuta mahali pake tu, kama alama ya picha iliyotolewa ukutani. Sijui, nasema. Anasema, nipe mji. Kila mtoto anajua, ukishindwa kitendawili unatoa mji, mtegaji anakwenda kwenye mji wako, anakula na kunywa, anarudi na jibu. Nakupa Tabora, nasema, kwa kuwa Tabora sijawahi kufika, ni mji wa bure. Anaipokea kwa mikono miwili. Nimekwenda Tabora, anasema, nimefika Tabora, nimelamba asali ya Tabora mpaka viwiko vikanata, wamenisalimia watu wa Tabora, wameniambia jibu ni mwani, mwani wa kijani, anakula mwanga na hewa ya kaboni, anatoa ile hewa safi mnayovuta. Na anaposema hivyo mji unatokea nyuma yake, umepinduka kama kwenye kioo cha maji, stesheni iko juu na treni inakwenda kinyumenyume, halafu unafifia. Nikijaribu kusema tena jina la mji ule, sina. Najua niliusema. Haijaniuma.

Twende, anasema, na tunakwenda, barabara ndiyo inayotembea zaidi kuliko sisi. Katikati ya chini ya kikombe kuna kilima, kiduara, kigumu, kama kokwa, na juu yake wamejaa watu wasio na nyuso, wengi kama mchwa, kila mmoja amenyoosha mikono hewani. Hewa ya kaboni inapenya ukutani haionekani, na hawa wanaidaka. Mmoja anadaka, anaifunga kwenye sukari iliyokatika nusu, anakaa kidogo, ananyoosha tena. Polepole mno. Mwingine anadaka, anaangalia alichodaka, anasema aa, si hii, anaitupa. Wavivu hawa, nasema. Mmoja ananisikia. Mvivu mama yako, anasema, bila kugeuka. Yule mwenyeji wangu anasema, msamehe, mgeni huyo. Halafu ananiambia, si wavivu, ni wazito wa mkono, na wanakosea, wanadaka hewa nyingine wakidhani ndiyo. Ndiyo maana tumewakusanya kilimani na hewa tunaisukumia hapa hapa, ije nyingi, hata mzito wa mkono asikose. Nauliza, na wakishadaka? Ananionyesha. Sukari inashuka kilimani, punje moja moja, na chini kuna mafundi wanaoitunga kama shanga. Uzi mwingine unanyooka na kujikunja kama chemchemi ya godoro. Mwingine unatoa matawi, tawi linatoa tawi. Wanaukandamiza, wanaulaza tabaka juu ya tabaka, mpaka unakuwa kigae cheupe, kizito, na kigae wanakiegemeza ubavuni mwa kilima, na kingine pembeni yake, hadi kilima kimevaa vigae kama kobe. Kijani kote, na katikati ile nyeupe. Nakigusa. Si cha moto wala si cha baridi. Nakilamba, maana mama yangu alinilea kwa kulamba mwiko. Hakina ladha. Nafikiri, hiki ni mimi.

Kwa nini hamkuiacha sukari ikawa sukari? nauliza. Ilikuwa tamu. Anasema, Kitendawili! Tega. Nikiwa macho ni mtamu na nyumba inajaa wageni. Nikilala sina utamu na hakuna anayebisha hodi. Nafikiri kwa muda mrefu, au kwa muda ambao huku ndio mrefu. Nafikiri wale wageni waliojaa uani kwetu siku ya Doto, mabakuli, mikeka ya kuazima, na mimi katikati nimenyamaza, shangazi mmoja akanong'ona, huyu hata halii. Sijui, nasema. Nipe mji, anasema, na kitendawili cha pili bei yake si ya mji wa bure. Nipe mji uliozaliwa. Nakupa Kilosa, nasema. Nasema kirahisi hivyo. Anakwenda. Nimekwenda Kilosa, anasema, nimefika Kilosa, nimekaa kwenye jiko la mama yako akanipa ukoko wa wali, na jibu ni wanga. Sukari huyeyuka, mwanangu, na ikiyeyuka huita maji. Ukijaza nyumba sukari, maji yataingia, yataingia, kuta zitapasuka. Kwa hiyo tunailaza. Ikilala haiyeyuki, haiiti, unaweza kuijaza hadi darini na nyumba ikasimama. Kilosa inasimama nyuma yake kichwa chini, reli, mto, jiko la mama yangu na moshi unaoshuka badala ya kupanda, na mlango wa jiko, na kabla sijauona uko upande gani kila kitu kimeondoka. Ninajua kwamba nina mama. Ninajua alikuwa na jiko. Hapa mtu angelia, nafikiri, na nasubiri nione kama nitalia, na wakati unapita.

Nauliza kitu kimoja tu. Nauliza kila asiye na uso ninayempita, samahani, kuna mtoto hapa, mdogo, ana kovu la tetekuwanga kwenye nyusi, anaitwa Doto? Sina nyusi, nitamjuaje mwenye nyusi, mmoja ananijibu. Mwingine anasema, Doto, ndoto, wewe umekosa herufi au umeongeza? Tunafika mahali ambapo mji umekutana na kioo. Ukuta umejikunja katikati, na ng'ambo yake kuna mji mwingine kama huu, kilima kwa kilima, kigae kwa kigae, watu wakiinua mikono pamoja na wa huku. Mwenyeji wangu anasema, mji ukishiba hujigawa, mmoja unakuwa miwili, miwili minne, kila mmoja na kikombe chake. Simsikilizi. Wawili, nasema. Napiga kile kioo kwa viganja, napiga kama mtu anayepiga mlango wa zahanati iliyofungwa. Ananiacha nipige. Mikono haisikii maumivu, inapiga tu. Mwisho anasema, na hii hasemi kwa kutega, Mama, hatuna marehemu hapa. Usitafute. Hapa tunaweka akiba tu. Nasema, haya. Najifunga kanga vizuri. Tunaendelea.

Halafu kuna sauti, inazunguka ukingo wa kikombe kutoka mtu hadi mtu, haijaja, haijaja. Nauliza, nini haijaja? Naitrojeni, anasema, hamuiti mbolea huko kwenu? Maji yamekwisha mbolea. Bila hiyo hatujengi ukuta mpya, hatujigawi. Kile kioo cha katikati kinafifia, mji wa pili haupo, hautakuwepo. Mijeledi ya nje inapunguza kasi, inasimama. Watu wanapanda kwenye zile nyumba za chapati na kuzibomoa, sahani baada ya sahani, wanazitafuna wapate chochote kilichomo, na kijani kinapauka, kinakuwa njano, rangi ya jani lililokaa chini ya jiwe. Unakufa, nasema. Mji wenu unakufa. Tunatembea na njia inakuwa nyembamba. Najua njia za huku zinabadilika, lakini hii inabana, bega langu linagusa nyeupe huku na nyeupe kule, na inabidi twende ubavu ubavu kama watu wanaopita katikati ya magunia ghalani. Ndipo naona. Mwanga haujaacha kuingia. Wachache waliobaki kilimani hawajaacha kudaka. Sukari inashuka na haina pa kwenda, hakuna ukuta wa kujenga, hakuna mji wa kuzaa, kwa hiyo wanailaza, kigae juu ya kigae, kilima hakionekani tena, vigae vimetoka kilimani vimeingia mitaani, vimeziba madirisha. Hakuna anayekua, hakuna anayezaa, hakuna anayetikisika, na kila chumba kimejaa hadi kwenye dari.

Mwenyeji wangu anasimama, na nyuma yake wamesimama wengine, wote walionipita, safu za vichwa laini kati ya kuta nyeupe. Kitendawili, anasema. Tega, nasema. Njaa imemkamata, watu wamemkatia tamaa, na ghala lake limejaa. Nyeupe imenibana kifua. Naliona jibu, liko hapa hapa, linapumua, na nashindwa kulisogelea kwa sababu hakuna nafasi ya kugeuka. Sijui, nasema. Nipe mji. Nakupa Mpanda, nasema haraka, mume wangu yupo huko. Anatikisa kichwa. Cha tatu ni mji wenye mtu wako, anasema, na nikisema wako sina maana ya kwenye karatasi. Anaupapasa ukuta kwa kiganja mpaka unang'aa kama kioo, na ndani yake naona chumba, kidogo, kimepinduka. Mkeka. Mwanamke amelala ubavu, mdomo wazi kidogo. Mtoto ameshika ziwa lake. Pazia, dirisha, chupa. Huo hapo, anasema. Mji wa watu wawili. Nao wote nyuma yake wanasema, bila haraka, kama watoto barazani, nipe mji, nipe mji. Na ni rahisi. Ndivyo mchezo ulivyo, hakuna aliyewahi kuukataa, ukikosa jibu unatoa, ni adabu tu. Atakwenda, atakula, atarudi, atanipa jibu, na mimi sitakumbuka mkeka ule uko upande gani wa dunia. Haitaniuma. Miji miwili haikuniuma. Mdomo umeshafunguka, neno nakupa limekaa kwenye ulimi kama punje ya wali. Mtoto ndani ya kioo anageuza shingo. Ana ile tabia yake ya kusikiliza kwa kukunja vidole vya miguu. Amekunja vidole.

Huo sitoi, nasema.

Mwenyeji wangu anainama kidogo, kama ambaye hakusikia vizuri. Mchezo hauchezwi hivyo, mama. Jibu basi. Jibu silijui, nasema. Toa mji. Mji sitoi. Nyuma mmoja anasema, mbishi mtoto wa watu! Mwingine anasema, kwao Kilosa wanafundishwa nini? Alishaitoa hiyo, wa tatu anamkumbusha, na wanacheka. Mwenyeji wangu hacheki. Jibu huna, anasema, na mji hutoi. Sasa una nini wewe? Naangalia mikono yangu. Nina mtoto ananyonya, nasema, na sauti yangu ni mbaya, imekwaruza, sauti ya mlango usiofunguliwa mvua nzima.

Ndipo mwanga unapokwisha. Hauzimiki, unageuka, mbingu ya mji inakuwa bluu, halafu bluu iliyoiva, halafu nyeusi ya wino, rangi ile ile aliyotuonyesha Mwalimu Chambuso alipodondosha iodini kwenye kipande cha muhogo. Nasubiri waogope giza. Hawaogopi. Wanavua kanga za mabegani, wanakwenda kwenye vigae. Mwanga umefunga, mwenyeji wangu ananiambia, sauti imekuwa ya kawaida kabisa, sauti ya mtu anayekunja mikono ya gauni aanze kupika, sasa ndio zamu ya wanga. Wanashika ncha za nyuzi na kuzifungua, shanga moja, shanga moja, kutoka mwisho kwenda ndani, na kila shanga ikikatika inakuwa sukari, na sukari inayeyuka, na maji yanaisikia na kuja. Kila kilichokuwa kimya kinaanza kusogea. Vigae vinapata ufa. Kuta zinanilegezea, zinaniachia, na kinachonitiririkia miguuni ni vuguvugu na kinanata, na kifuani mwangu, chini ya ngozi, pande zote mbili, sindano zinaamka, kama mguu uliokaliwa vibaya unapoanza kurudi, elfu, zinachoma. Inauma, nasema. Nani anaumwa? anauliza. Mimi, nasema, mimi, inaniuma mimi. Kumbe upo, anasema. Nataka kumshukuru na natafuta uso wa kuuangalia, na mahali pa uso pananing'alia jua machoni.

Jua. Sakafu. Doa la kijani limehama, limefika kwenye mguu wa kitanda. Blauzi yangu imelowa, mbele yote, na mkeka umelowa, na sijui ni maziwa au ni yale maji ya huko. Kulwa anameza. Namsikia, gu, gu, gu, anakohoa, yamemzidi, anarudi tena kwa hasira, mkono wake mmoja umekamata kidole changu. Inachoma hadi kwenye kwapa. Nalia, nafikiri ni kulia, kitu kimoto kinaingia sikioni kwa sababu nimelala ubavu. Najaribu kukumbuka mlango wa jiko la mama yangu ulikuwa upande gani. Sipati. Najaribu ule mji mwingine, wa asali na treni, jina lake halipo. Kwa hiyo labda sijaamka. Labda hiki ndicho kile chumba cha kwenye kioo, na mimi ndiye mwanamke aliyelala mdomo wazi, na kuna mtu huko ng'ambo ameniangalia sasa hivi akasema hanitoi.

Pazia linafunguka. Mtu amesimama mlangoni, mwanga wa uani uko mgongoni mwake, kanga ameivuta mbele, na mahali pa uso pana giza tupu. Mama Kulwa, anasema, amka. Basi liko dukani kwa Mzee Semboja linapakia, nipe mtoto.

Simtoi, mama, nasema.

Mkono alioutanguliza anaurudisha. Halafu anasema, umesemaje? Na mimi siamini pia, nasema tena nijisikie, simtoi. Abaki. Ananyonya, mama, msikilize. Anasikiliza. Gu, gu. Lakini wanga, anasema, na sauti inamshuka, wamo humu, umesema mwenyewe. Mama, si wanga hawa, nasema, ni wanga huu. Wanga huu wa uji. Wa muhogo. Muhogo una wanga? anauliza. Umejaa, nasema. Subhana, anasema, na mimi nimekula muhogo maisha yangu yote. Sijui kama ametania. Na mimi kifuani kuna kitu kinatikisika, ni cheko, kimetokea mahali ambapo sikujua kama pana kitu, na Kulwa ananing'ata kwa ufizi kwa sababu nimemtikisa. Bi Mwantumu anakaa pale pale mlangoni, anakaa kwa mkupuo kama mtu aliyekatwa kamba, mgongo kwenye fremu. Anasema, siyo kwa hadithi za wanga tu, anasema kama anaongea na magoti yake, mimi nilikuwa nataka abaki huyu mmoja. Najua, mama, nasema. Nilikuwa sijui nimkimbize wapi. Najua. Akae wapi basi, akae hapa, na mimi nikae? Kaa, nasema. Kaa na sisi, mama. Barabarani basi linapiga honi, refu, halafu fupi, halafu injini inakwenda inapungua mpaka inakuwa mmm, mmm, sauti niliyoisikia mahali, na hakuna anayenyanyuka.

Yeye bado yuko kwenye mwanga na mimi bado sioni chochote chini ya ile kanga. Nikimwona uso nitajua niko wapi. Mama, nasema, hebu sogea kidogo hapa kivulini, nikuone.

Subiri kwanza, anasema, taratibu, asimshtue mtoto. Subiri ashibe.